Kutoka Kurasa hadi Skrini: Sarat Chandra Chattopadhyay na Usawiri wa Devdas katika Filamu, 1928–2009

Mjadala kuhusu uhusiano wa riwaya na filamu umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja, nalo ni kama filamu imekuwa aminifu kwa matini asilia. Swali hilo lina udhaifu wake. Huichukulia riwaya kama amana iliyofungiwa sandukuni, na mwongozaji wa filamu kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo, hata kosa lake kubwa likawa ni kupoteza kitu njiani. Lakini mwongozaji naye ni msomaji. Husoma akiwa na wakati wake, tabaka lake na hadhira yake, na kile anachokiacha hutoa ushahidi sawasawa na kile anachokionyesha. Kwa hiyo historia ya riwaya katika filamu ni tawi la historia ya usomaji, na yafaa ihakikiwe hivyo.

Makala haya yanaichunguza historia hiyo kwa kuitazama riwaya moja ya mwandishi wa Kibengali, Sarat Chandra Chattopadhyay (1876–1938), iitwayo Devdas. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1917, ingawa ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla ya hapo, mtunzi akiwa bado kijana na akisita kuitoa hadharani. Hoja inayotetewa ni kwamba kwa muda wa miongo saba filamu zilizotokana nayo zilimpunguzia mhusika mkuu hatia na kumwongezea utukufu, na kwamba gharama ya msamaha huo ililipwa zaidi na Parvati, mwanamke anayempenda.

Uteuzi wa mwandishi huyu huenda ukamshangaza msomaji aliyezoea kuona mifano ya aina hii ikichotwa kwa Dickens au Shakespeare. Hata hivyo, filamu za Kihindi hazikuwa ngeni katika majumba ya sinema ya Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, na watazamaji wengi wasiojua neno la Kihindi walizifuata kwa nyuso, kwa machozi na kwa nyimbo. Athari yake ilipenya hata katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijipatia sifa kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu hizo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri zake za kwanza, na mwaka huohuo Devdas ilitengenezwa filamu kwa mara ya kwanza. Hilo ni sadfa tu na halithibitishi jambo lolote, ila linakumbusha kwamba Bara Hindi na pwani ya Afrika Mashariki zilikutana na mashine za sauti na picha katika kizazi kimoja.

Sarat Chandra ni miongoni mwa watunzi ambao kazi zao zimegeuzwa filamu mara nyingi nchini India. Parineeta ilitengenezwa na Bimal Roy mwaka 1953 na tena na Pradeep Sarkar mwaka 2005. Biraj Bahu ilitoka mwaka 1954, Majhli Didi mwaka 1967, Khushboo mwaka 1975 na Swami mwaka 1977. Sababu ya mvuto huo haiko mbali. Riwaya zake hujengwa kwa mazungumzo, maudhui yake ni ndoa, tabaka na heshima ya ukoo, na matukio yake hufanyika ndani ya ua na varanda za nyumba ambazo mtazamaji wa kawaida anazijua. Devdas inatofautiana na nyingine kwa kuwa imerudiwa na kila kizazi.

Riwaya na msimulizi wake

Msuko wa riwaya ni mwepisi. Devdas ni mwana wa zamindari, yaani kabaila mwenye ardhi, katika kijiji cha Talsonapur. Parvati ni binti wa jirani. Wote ni Wabrahmini, lakini ukoo wa Parvati unadharauliwa kwa sababu hupokea mali unapoozesha mabinti, na uko karibu mno na ua wa zamindari kiasi cha ndoa hiyo kuonekana aibu. Posa ya nyumbani kwao inapokataliwa, Parvati, ambaye ni msichana wa miaka kumi na mitatu tu, anatoka usiku peke yake na kuingia chumbani mwa Devdas kumwomba amchukue. Devdas anashindwa kuwakabili wazazi wake. Anakimbilia Calcutta na kutoka huko anamwandikia barua ya kukana mapenzi. Anapojuta na kurejea, Parvati anamjibu kwa kiburi, naye anamchapa kwenye paji la uso kwa ufito wa kuvulia samaki na kumwachia kovu. Parvati anaolewa na Bhuvan Chowdhury, zamindari mjane wa Hatipota mwenye watoto wakubwa. Devdas anaangukia pombe na nyumba ya Chandramukhi, kahaba anayempenda na kuiacha kazi yake kwa ajili yake. Mwishowe, akiwa mahututi, anateremka garimoshi katika stesheni ya Pandua na kupanda gari la ng'ombe ili afie mlangoni kwa Parvati, kama alivyokuwa amemwahidi kwamba atakuja kabla ya kufa.

Jambo la kuzingatiwa ni msimulizi. Sarat Chandra amemweka msimulizi anayemjua Devdas vizuri na asiyemsitiri. Humwonyesha utotoni akimpiga Parvati, humwonyesha ukubwani akipiga tena, na katika sehemu zote mbili halipambi tendo hilo kwa jina la mapenzi. Mwishoni msimulizi huyo humgeukia msomaji moja kwa moja na kumwomba amwonee huruma mtu huyu aliyekufa bila mkono wa mpenzi kumgusa. Ombi hilo lina maana kwa sababu limetanguliwa na hukumu, kwani asiyehukumiwa hahitaji kuombewa. Huruma ya riwaya basi ni huruma ya mtu anayejua makosa yote ya marehemu na bado anamsikitikia.

Yafaa pia kuangalia jinsi kifo chenyewe kinavyosimuliwa. Devdas anafia chini ya mti mbele ya nyumba, akiwa mgeni asiyetambuliwa. Watu wa nyumbani hawataki kuigusa maiti, na wanaoiondoa ni wale wa tabaka la chini kabisa. Parvati anapata kujua jina la marehemu mambo yakiwa yamekwisha. Anakimbia kutoka, anazuiwa, na watumishi wanambeba ndani akiwa amezimia. Hapana kuonana kwa mwisho hata kwa mbali.

Kimya, kisha sauti: 1928 hadi 1936

Filamu ya kwanza iliongozwa na Naresh Mitra mwaka 1928. Ilikuwa filamu isiyo na sauti, na haiwezi kuhakikiwa leo kwa kuwa imepotea. Mwanzo halisi wa historia hii kwa mtazamaji ni kazi ya Pramathesh Chandra Barua katika kampuni ya New Theatres ya Calcutta. Toleo lake la Kibengali lilitoka mwaka 1935, naye mwenyewe akaigiza Devdas. Toleo la Kihindi lilifuata mwaka 1936, likiwa na mwimbaji K. L. Saigal katika nafasi hiyo. Jamuna aliigiza Parvati katika matoleo yote mawili. Sarat Chandra alikuwa bado hai. Alifariki Januari 1938.

Barua alikuwa mwana wa raja wa Gauripur, Assam. Kwa maneno mengine, mwana wa kabaila alikuwa akimwigiza mwana wa kabaila, na hilo halikukosa kuacha alama katika kazi yake. Aliigiza kwa utulivu mkubwa, karibu na ubaridi, kinyume na mtindo wa jukwaani uliotawala siku zile. Devdas wake hapigi kelele, amechoka tu. Uchovu huo hufasirika kwa urahisi kama ukubwa wa nafsi, na hapo ndipo msamaha ulipoanza. Mtazamaji hamwoni tena kijana aliyeogopa baba yake. Anamwona mtu aliyeumbwa kwa ajili ya huzuni.

Mchango wa Barua katika fani ni mkubwa zaidi. Katika onyesho mashuhuri la safari ya mwisho, Devdas analia kwa uchungu ndani ya garimoshi, na papo hapo picha inahamia kwa Parvati aliye mbali sana, ambaye anajikwaa kana kwamba amesikia. Kisha picha inarudi kwa Devdas akianguka kutoka kitandani mwa behewa. Riwaya haiwezi kufanya jambo hilo. Sentensi hutangulia sentensi, na hata msimulizi mwenye kujua yote hulazimika kusema „wakati huohuo“. Barua aliviunga vipande viwili vya picha na kuumba mawasiliano ya nafsi ambayo hayamo katika matini. Ni ubunifu wa hali ya juu. Lakini lazima iulizwe ubunifu huo unasema nini. Unasema kwamba wawili hawa wamefungwa na jaala, na jaala ikishaingia, woga wa Devdas chumbani usiku ule hauna uzito tena. Kilichokuwa uamuzi wa mtu kinageuka kuwa maandiko ya mbinguni.

Vivyo hivyo kuhusu lango. Katika filamu Parvati anakimbia kuelekea nje na lango linafungwa mbele yake. Taswira hii imezoeleka mno hivi kwamba wasomaji wengi huitafuta katika riwaya. Ni ya skrini, na nguvu yake haikanushiki, kwa sababu inaufanya ukabaila uonekane kwa macho kwa ubao na chuma. Hata hivyo inamhamisha mkosaji. Aliyemzuia Parvati mwanzoni alikuwa Devdas. Mwishoni ni lango.

Katika toleo la Kihindi iliongezeka nguvu nyingine, yaani sauti ya Saigal. Yeye alikuwa mwigizaji na mwimbaji kwa pamoja. Mwaka 1935 kampuni hiyohiyo ya New Theatres ilikuwa imeanza mbinu ya kurekodi nyimbo kando na kumwekea mwigizaji sauti ya mwingine, mbinu iliyotawala sinema ya India baadaye, lakini kwa Saigal koo na uso vilibaki vya mtu mmoja. Wimbo ulichukua mahali pa msimulizi, na tofauti yake ni kubwa. Msimulizi wa riwaya humtazama Devdas kutoka nje na kumpima, ilhali wimbo hutoka ndani yake na haupimi chochote. Mtazamaji hubaki na sauti ya mlevi anayejihurumia, tena sauti nzuri kupindukia, pasipo mtu wa kumjibu. Saigal alifariki mwaka 1947 na Barua mwaka 1951, wote wakiwa hawajafikia umri wa miaka hamsini, na pombe ikitajwa katika habari za maisha yao. Umma ukaanza kuisoma riwaya kama wasifu wa waigizaji wake. Uhakiki hauna budi kuukataa usomaji wa namna hiyo, japo hauwezi kuupuuza, kwa kuwa umekuwa sehemu ya hadithi yenyewe.

Bimal Roy na kufa kwa ukabaila

Mpiga picha wa toleo la Kihindi la 1936 alikuwa Bimal Roy. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1955, alirudi kwenye riwaya ileile akiwa mwongozaji. Katikati ya tarehe hizo Bengal ilikuwa imegawanywa (1947), New Theatres ilikuwa imedhoofika, na Roy alikuwa amehamia Bombay. Yeye pia alizaliwa katika ukoo wa kizamindari, upande wa Dhaka, ambao baada ya mgawanyo ulibaki ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1953 alitoa Do Bigha Zamin, filamu kuhusu mkulima anayepokonywa shamba na zamindari, na mwaka huohuo serikali ya Bengal Magharibi ikapitisha sheria ya kutwaa mashamba ya makabaila. Mfumo uliowekwa na Waingereza mwaka 1793 ulikuwa unazikwa.

Muktadha huo unaeleza sura ya filamu yake. Ingetarajiwa kwamba aliyetunga Do Bigha Zamin angemkaripia Devdas kwa niaba ya wakulima. Hakufanya hivyo. Sehemu ya utotoni ilirefushwa kwa upendo mwingi: bustani, njia za vumbi, vicheko vya watoto. Ni kijiji kinachokumbukwa na mtu asiyeweza kukirudia. Dilip Kumar, aliyeigiza Devdas, aliendeleza utulivu wa Barua na kuutia akili zaidi. Devdas wake anajua kabisa anachokifanya na anakitenda hata hivyo. Huyu ndiye Devdas aliye karibu zaidi na riwaya, kwa kuwa kujua kunarejesha hatia. Si ajabu kwamba Dilip Kumar alieleza baadaye jinsi majukumu ya tanzia yalivyomwelemea, hata akashauriwa aigize filamu za kuchekesha.

Kwa upande wa wanawake Roy alithubutu jambo ambalo riwaya haikulithubutu. Katika riwaya Parvati na Chandramukhi hawaonani kamwe. Roy aliwapitisha njia moja, mmoja ndani ya machela na mwingine kwa miguu. Wanatazamana bila kusema neno, kila mmoja asijue mwenzake ni nani, kisha wanapishana. Onyesho hilo ni fupi sana, lakini kwa muda huo Devdas hayupo na hadithi ni yao. Suchitra Sen na Vyjayanthimala walilibeba kwa macho tu. Vyjayanthimala alipopewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, aliikataa kwa hoja kwamba Chandramukhi ni mhusika mkuu sawa na Parvati. Kukataa huko ni tendo la uhakiki wa fasihi, na lina usahihi kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa kuhusu filamu hiyo.

Matoleo mengine yatajwe kwa ufupi. Devadasu ya Vedantam Raghavayya (1953), iliyotengenezwa kwa Kitelugu na Kitamil pamoja na Akkineni Nageswara Rao na Savitri, iliieneza hadithi kusini mwa India. Bangladesh ilitoa ya kwake mwaka 1982, ikiongozwa na Chashi Nazrul Islam, ambaye aliirudia tena mwaka 2013. Guru Dutt hakuitengeneza Devdas, ila katika Kaagaz Ke Phool (1959) mhusika wake mkuu ni mwongozaji anayeitengeneza, naye anaangamia kama Devdas. Kufikia hapo riwaya ilikuwa imegeuka kuwa aina ya mtu.

Kumbi za vioo

Sanjay Leela Bhansali alitoa Devdas yake mwaka 2002, ikaonyeshwa kwanza katika tamasha la Cannes. Wakati ule ilihesabiwa kuwa filamu ya gharama kubwa kuliko zote zilizokwisha kutengenezwa India. Devdas, aliyeigizwa na Shah Rukh Khan, harudi tena kutoka Calcutta. Anarudi kutoka London. Nyumba ya jirani maskini ina vioo vya rangi kila upande. Uchumi wa India ulikuwa umefunguliwa tangu mwaka 1991, na watazamaji waliokuwa wakilengwa walikuwamo pia Wahindi wa Uingereza, Marekani na kwingineko. Mwana anayerudi kutoka ng'ambo ni mhusika wao.

Athari ya utajiri huo katika maudhui ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kikwazo cha ndoa katika riwaya ni desturi ya kupokea mali na ujirani, mambo madogo yenye aibu ndogondogo. Bhansali anaweka mahali pake fedheha ya hadharani, ambapo mama yake Devdas anamdhalilisha mama yake Parvati mbele ya wageni. Ugomvi wa matabaka unakuwa ugomvi wa akina mama wawili. Ule ufito wa kuvulia samaki unageuka kuwa mkufu, na pigo linalomwachia Parvati kovu linapigwa kwa pambo. Hakuna badiliko linalodhihirisha zaidi itikadi ya filamu hii. Kovu limekuwa kito, na ukatili umepewa uzuri ambao Sarat Chandra aliunyima kwa makusudi.

Pamoja na hayo, haki itendeke. Filamu hiihii inawakutanisha Parvati na Chandramukhi kwa mazungumzo marefu. Inatumia desturi ya Kibengali ya kuchota udongo mlangoni mwa kahaba ili kufinyanga sanamu ya Durga. Parvati anakwenda kuuomba udongo huo na kumwalika Chandramukhi katika sherehe, ambako wanacheza pamoja. Wahakiki waliokasirika kwamba tukio hilo halimo kitabuni walikasirikia jambo lisilofaa. Desturi hiyo yenyewe ina kinaya kikali, kwa kuwa jamii inayomtenga kahaba haiwezi kumwabudu mungu wake bila vumbi la mlango wa kahaba huyo. Bhansali alikigusa kinaya hicho, Chandramukhi akapata nafasi ya kuwajibu waheshimiwa wanaomdharau, kisha ngoma ikafunika kila kitu. Mwishoni lango la Barua linarudi, kubwa kuliko lilivyopata kuwa, na Parvati anakimbia kuelekea kwake huku upindo wa sari yake ukiburura sakafuni.

Miaka saba baadaye Anurag Kashyap alitoa Dev.D (2009), akaihamishia hadithi Punjab na Delhi ya wakati wake. Dev, aliyeigizwa na Abhay Deol, ni kijana wa familia tajiri, mlevi, mwenye wivu na mwepesi wa kusadiki uvumi kuhusu mwanamke anayedai kumpenda. Filamu haimpi wimbo wa kujitetea. Muziki umemzunguka, na mara nyingi unamcheka. Chanda si kahaba aliyeokolewa na mapenzi. Ni mwanafunzi ambaye maisha yake yalivurugwa na picha za faragha zilizosambazwa kwa simu, jambo lililochukuliwa kutoka katika kashfa halisi ya Delhi, na anasimulia habari zake mwenyewe. Dev hafi. Wapo waliosema kwamba kwa kumwacha hai Kashyap ameua tanzia. Yawezekana, lakini ameirejesha hukumu ambayo filamu zilizotangulia ziliifuta, na bila hukumu hiyo tanzia ya Sarat Chandra haikuwa na mhimili.

Katika filamu hiyo Paro, akiwa tayari mke wa mtu, anamtembelea Dev katika nyumba ya wageni anakolewa. Anakifagia chumba na kumfulia nguo. Dev anapotaka kuufanya ugeni huo kuwa mapatano ya mapenzi, Paro anakataa, kisha anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, wala hapana lango wala mtumishi wa kumzuia.